Mstari wa Kalamu ya Zambarau

Hotuba kwa wanaume transi (wanaume ambao walipozaliwa waliandikwa wasichana) wanaozungumza Kiswahili na familia zao, Toronto

Ndugu zangu, hamjambo. Karibuni nyote, mlioketi mbele na mliojibanza kule nyuma karibu na mlango. Naona watu wa Mombasa, wa Bujumbura, wa Goma, na wengine mliopitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma kabla ya kuletwa huku kwenye baridi. Naona pia kina mama wawili waliowasindikiza vijana wao. Shikamooni, mama zangu. Kuja kwenu kumenipa nguvu.

Nimeombwa nizungumzie uzito. Kila anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa kifua, ule wa kuondoa matiti, na kila aliyekwisha kufanyiwa, ipo siku hunivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, nikinenepa, yatarudi?" Leo nataka kulijibu swali hilo kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu, kwa sababu nimeliona likiwanyima watu usingizi, na wengine likawanyima chakula.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni ukalimani hospitalini. Nakaa kati ya daktari na mgonjwa, Kiingereza kinaingia sikio moja na Kiswahili kinatokea mdomoni. Ya wagonjwa ninaowakalimania hamtayasikia hapa. Nitasema yangu, maana mimi mwenyewe nimelala kwenye kitanda cha upasuaji wa kifua mara mbili, na mara ile ya pili ililetwa na uzito.

Nianze na asubuhi ya mara ya kwanza. Kabla ya dawa ya usingizi, daktari alinisimamisha wima katikati ya chumba, fulana nimevua, mikono inaning'inia. Akatoa kalamu ya wino wa zambarau. Chumba kilikuwa cha baridi na ncha ya kalamu ilikuwa ya baridi zaidi. Akachora mstari wa katikati kushuka kutoka shingoni. Akapapasa ukingo wa chini wa msuli wa kifua, akaniambia nikaze, nilegeze, nikaze tena, kisha akachora upinde wa kulia na upinde wa kushoto. Akarudi nyuma hatua mbili akanitazama kama fundi cherehani anavyoitazama suti ikiwa mwilini mwa mteja. Mtu huchorwa akiwa amesimama kwa sababu akilala chali nyama huteleza kuelekea kwapani, na kipimo kinapotea.

Mstari ule ulichorwa kwa mwili wa asubuhi ile, na mwili wa asubuhi ile ulikuwa na kilo 86. Kilo hizo nilikuwa nimezipata kwa njaa, nami mwilini mwangu nilijua sitakaa nazo. Daktari hakujua. Hakuuliza, nami sikusema.

Sasa nieleze kinachotolewa na kinachobaki, kwa sababu hofu nyingi zinatokana na kutojua hapo. Titi lina tezi za maziwa, lina mafuta, na lina nyuzi zinazovishikilia vitu hivyo pamoja. Katika upasuaji ambao wengi wetu tunafanyiwa, ule wa kukata mistari miwili chini ya kifua, daktari hutoa karibu tezi zote, mafuta mengi na ngozi iliyozidi. Chuchu huondolewa, hupunguzwa, halafu hupandikizwa upya mahali pake. Lakini hakwangui mpaka kwenye ngozi. Huacha makusudi tabaka la mafuta, kwa sababu ngozi isiyo na mafuta chini yake hukosa damu ya kutosha, na kifua kilichokwanguliwa sana hubonyea katikati kama bakuli. Pembeni pia, kuelekea kwapani na mgongoni, mafuta yako yapo palepale yalipokuwa.

Kwa hiyo jibu la swali ni hili. Tezi zilizotolewa hazioti tena. Ukinenepa kilo tano, ukinenepa kilo ishirini, titi la zamani halirudi. Kinachoweza kuongezeka ni mafuta, kama yanavyoongezeka kwa mwanamume yeyote. Nendeni ufukweni Bamburi siku ya sikukuu mkawatazame kina baba waliovua mashati. Mwenye kitambi ana kifua laini pia, na hakuna anayemwuliza habari za jinsia yake.

Na hayo mafuta yana tabia zake. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska kule Stockholm walichapisha kazi moja katika jarida la Nature ambayo niliielewa siku niliposimama mbele ya kioo. Walitumia kaboni iliyotawanyika hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 kupima umri wa seli za mafuta mwilini mwa watu. Wakaona kwamba idadi ya seli hizo kwa mtu mzima haibadiliki sana, hata kwa aliyekonda mno. Kila mwaka kama asilimia 10 hufa na nyingine huzaliwa badala yake. Tunaponenepa, kwa sehemu kubwa ni seli zilezile zinazovimba. Tunapokonda, zinanywea lakini zinabaki.

Sasa pelekeni hilo kwenye kifua kilichopasuliwa. Pale seli nyingi zimetolewa, kwa hiyo za kuvimba ni chache. Tumboni na pembeni hazikuguswa. Mkiongeza juu yake testosteroni, homoni ya kiume tunayotumia, ambayo huyaelekeza mafuta mapya tumboni kuliko nyongani, mtaelewa kwa nini wengi wetu tukinenepa baada ya upasuaji tunaona kitambi kwanza, halafu mafungu mawili ya nyama pale kovu linapoishia karibu na kwapa. Kilo tatu nne, wala hutaona tofauti. Zikiwa nyingi, ngozi ya kifua hujaa, kovu lililokuwa bapa huonekana kama limezama mferejini, kwa sababu juu na chini yake pamevimba na lenyewe limeshikamana na kilicho chini yake.

Nimetaja testosteroni, nisiiache hivihivi. Dawa hii huongeza misuli, na msuli una uzito. Huongeza njaa pia. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa namaliza ugali wangu kisha naangalia wa mwenzangu. Mizani ikipanda katika mwaka huo, usidhani yote ni mafuta. Na ukiiacha dawa siku za mbele kwa sababu yoyote, mafuta yanaweza kurudi kwenye njia zake za zamani, lakini tezi haziji nayo. Mimba ni habari nyingine: vipande vidogo vya tezi vilivyobaki vinaweza kuvimba wakati wa ujauzito. Anayefikiria kubeba mtoto baadaye amwambie daktari mapema, na asione haya.

Turudi kwenye njaa yangu, maana hapo ndipo nina la kuwaomba.

Nina urefu wa sentimita 165. Nilipoomba upasuaji mara ya kwanza nilikuwa na kilo 101. Daktari mmoja, simtaji, alitazama karatasi kabla ya kunitazama mimi, akasema BMI yangu ni 37 na yeye hampasui mtu aliyezidi 35. Rudi ukishuka. Mazungumzo yalichukua kama dakika nne. Hakuniambia nishuke kwa muda gani, wala nile nini.

BMI ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu hiyo aliianzisha Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtu wa hisabati na nyota, aliyekuwa akitafuta wastani wa umma mzima. Jina BMI lilikuja mwaka 1972 kwa Ancel Keys wa Marekani. Hesabu haijui wewe una msuli kiasi gani, wala mafuta yako yamekaa wapi. Sisemi haina maana. Mtu mwenye uzito mkubwa ana hatari zaidi ya kidonda kuchelewa kupona na maji kujikusanya chini ya ngozi, na daktari wa dawa ya usingizi ana sababu za kweli za kuuliza habari za kupumua kwako usiku. Lakini kikomo hutofautiana kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine, na wapo wanaowapasua watu wenye miili mikubwa kila wiki, wakapona vizuri. Ukikataliwa na mmoja, uliza wa pili. Hilo ningelijua siku ile, nisingefanya nililofanya.

Nilichofanya ni kuacha kula. Chai kavu asubuhi, kabichi ya kuchemsha jioni. Nilitakiwa kufika kilo 95. Nilipofika sikusimama, nikashuka hadi 86 katika miezi minne, kwa sababu nilishaanza kuamini kwamba kadiri ninavyokonda ndivyo nitakavyotoka nikiwa mwanamume zaidi. Jamani, wazo hilo ni ugonjwa, nalo limetuenea. Wapo hapa waliojinyima chakula tangu shule ya msingi ili kifua kisitokeze, waliokuwa wakijifunga leso chini ya sare ya shule mpaka mbavu zikauma. Nawajua, na wao wananijua. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "punguza kilo halafu uje," umempa kisu.

Nikapasuliwa nikiwa nimedhoofika. Wiki ya pili mshono wa kushoto uliachia kiasi cha ukucha wa kidole gumba, ukakaa wazi majuma matano. Kidonda kinajengwa kwa protini, na mimi sikuwa nayo. Mshono wa wiki tatu haujafika hata nusu ya nguvu ya ngozi nzima. Baada ya miezi mitatu unafika kama asilimia 80, na hapo ndipo unapokomea. Kwa hiyo miezi ile ya mwanzo ndiyo uzito unapoweza kuharibu kovu: ukinenepa kwa kasi wakati ngozi bado changa, kovu linavutwa na kutanuka. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo la ziada, kwa sababu kovu letu huwa rahisi kuvimba na kuwa keloidi, yaani kovu nene linalokua kupita kidonda chenyewe, na mvutano hulichokoza. Ukiona linapanda na kuwasha, usingoje mwaka. Kuna karatasi za silikoni za kubandika, na kuna sindano daktari anazichoma ndani ya kovu lenyewe.

Basi nikaanza kula tena, kama mtu yeyote aliyetoka njaani. Mwaka mmoja na nusu baadaye nilikuwa na kilo 99.

Siku moja mama mdogo alinipigia simu ya video kutoka Mombasa. Nilikuwa na fulana nyepesi. Akanitazama, akaita watu waje waone. "Mashallah, umenawiri!" Kwetu hilo ni neno la heri. Mtu aliyenenepa amepata, anakula, ughaibuni kumemkubali. Nilitabasamu, nikakata simu, nikaenda bafuni kuvua fulana. Nilishika kwa vidole fungu la nyama upande wa kulia, mwisho wa kovu, laini, ukubwa wa mahamri, likining'inia juu ya mbavu. Nikalia. Nilidhani nimeuharibu upasuaji kwa mikono yangu, kwa pilau, kwa mbaazi wa nazi. Yule mama alikuwa ananifurahia kuwa hai, na mimi nikasikia tusi.

Niliyepaswa kumuuliza ni daktari, na nilichelewa miezi minane kwa aibu. Niliporudi, safari hii kwa mwingine, alinipapasa pale pembeni akaniambia mafungu yale ni jambo la kawaida kabisa, kwamba ngozi na mafuta ya pembeni ya mtu mwenye mwili mkubwa yanahitaji mstari mrefu zaidi kwenda nyuma ya kwapa, na kwamba mstari wangu ulichorwa kwa mtu wa kilo 86. Kisha akaniuliza swali ambalo natamani kila daktari aliulize: "Ukila vizuri na ukiishi maisha yako ya kawaida, huwa unakaa kwenye kilo ngapi?"

Kaeni na swali hilo. Madaktari wanapenda uzito uliotulia kwa miezi kadhaa kabla ya kupasua, mitatu hadi sita hivi, na wanasema kutulia kuliko wanavyosema kukonda. Kama unashuka na bado hujafika unakokwenda, sema. Kama umenyimwa chakula na woga, sema hilo pia, hata kwa kupitia mkalimani. Tunakula kiapo cha kutunza siri.

Mnaotumia zile sindano za kupunguza uzito, za semaglutidi na jamii yake, mwambieni daktari wa usingizi bila kuficha. Dawa hizo huchelewesha chakula kutoka tumboni, na tumbo lenye chakula ni hatari mtu akiwa amelazwa kwa dawa. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri anayechoma mara moja kwa wiki aruke dozi ya wiki ya upasuaji. Ushauri umeendelea kubadilika, kwa hiyo uamuzi ni wa daktari wako, ila lazima ajue. Sigara, shisha na chochote chenye nikotini vikatwe wiki kadhaa kabla na baada, kwa sababu vinabana mishipa ya damu, na chuchu iliyopandikizwa inaishi kwa damu hiyo tu.

Na Waislamu wenzangu, ikiwa tarehe yako imeangukia karibu na Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyingine. Nimemwona mtu akifunga wiki ya tatu baada ya upasuaji kwa kuona haya mbele ya wenzake wa chumba. Kidonda kinataka maji mchana na kinataka chakula: mayai, maharage, dagaa, samaki, maziwa ukipatana nayo. Wenzake wa chumba walitakiwa wampikie.

Kuna upande wa pili ambao husahaulika, wa wanaokonda sana baadaye. Kijana mmoja tuliyeishi naye nyumba moja alipungua kilo 25 miaka miwili baada ya upasuaji, kwa kuendesha baiskeli kwenda kazini. Moyo wake ulifurahi, lakini ngozi ya kifua ililegea ikawa na mikunjo juu ya kovu, maana ngozi iliyotanuka haifuati mafuta kila mara yanapoondoka. Waliopasuliwa kwa tundu dogo pembeni mwa chuchu, wale waliokuwa na matiti madogo, wanapaswa kulijua hili zaidi, kwani kwao ngozi haikukatwa. Daktari alitegemea ijivute yenyewe. Mazoezi ya kifua husaidia kujaza sehemu ya juu, mshono ukishakomaa na daktari akisharuhusu. Kwa kijana yule yalisaidia kiasi. Mengine ameamua kukaa nayo, na mwaka jana kiangazi alivua shati Ziwa Ontario kwa mara ya kwanza.

Jambo moja naomba msilisahau hata mkisahau mengine yote. Si kila kinachovimba ni mafuta. Tishu kidogo ya titi hubaki, na saratani inaweza kuota humo, ingawa uwezekano umepungua sana. Ukigusa kitu kigumu kisichokuwepo mwezi uliopita, upande mmoja, usijiambie nimenenepa. Nenda.

Marekebisho madogo yapo. Mafungu ya pembeni hukatwa au mafuta yake kunyonywa kwa mrija, mara nyingi kwa upasuaji mfupi kuliko ule wa kwanza. Madaktari hungoja kovu litulie, miezi sita hadi mwaka, na hungoja uzito utulie pia. Ulizeni mapema bima inalipa sehemu gani, kwa sababu kutoa matiti na kusawazisha umbo huandikwa kama vitu viwili, na hilo la pili mimi nililipa kutoka mfukoni.

Nilifanyiwa nikiwa na kilo 96, na nilikuwa nimekaa nazo mwaka mzima. Asubuhi ile nilikunywa maji tu kama walivyoniagiza, lakini jana yake nilikula wali na samaki wa kupaka. Daktari akanisimamisha katikati ya chumba. Kalamu ni ileile ya zambarau, baridi ni ileile. Akaanzia mwisho wa kovu la zamani upande wa kulia, akapapasa fungu lile, akasogeza kalamu nyuma, nyuma zaidi, ikapita chini ya kwapa hadi mahali ambapo siwezi kupaona mwenyewe kwenye kioo.

"Utabaki hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia hapa ndipo ninapokaa nikila vizuri. Akamalizia mstari.

Mama mdogo alipiga tena Idi iliyopita. Nilivaa kanzu, lakini nilikuwa nimefungua vifungo kwa ajili ya joto la jikoni. Akasema vilevile, "Mashallah, umenawiri, mwanangu," nami nikamwambia ahsante mama, naye akaniuliza nimepika nini.

Haya. Aliye na swali la wazi aliulize hapa. La faragha, nipo pale karibu na birika la chai mpaka saa tatu.